Acheni Kupima Kilio cha Derby kwa Pauni

Kila mwaka mwezi Mei ukielekea ukingoni, wachambuzi wetu wa redioni na wa mitandaoni huanza kulitaja jina lile lile kwa mbwembwe: "mechi ghali kuliko zote duniani." Wanamaanisha fainali ya mchujo ya Championship pale Wembley, inayoamua timu ya tatu ya kupanda Ligi Kuu ya Uingereza. Baada ya jina zinafuata hesabu. Pauni milioni mia na ushee. Haki za televisheni. Wadhamini. Ukimaliza kuwasikiliza unajua mshindi atavuna nini, lakini hujaambiwa lolote kuhusu ile nusu ya uwanja itakayotoka kimya kabla kombe halijainuliwa.

Nasema jina hilo ni la kipuuzi, na limetuharibia namna tunavyosimulia mpira kwa Kiswahili. Naliandika hapa kwenye ukurasa wa vitabu kwa makusudi. Najua kuna wasomaji wa hapa ambao wakiona neno "Wembley" wanakimbia. Ngojeni kidogo, jamani. Ugomvi wangu ni wa masimulizi kwanza, mpira baadaye.

Tuichukue Derby County. Si timu ya vibanda umiza vyetu. Sijawahi kuona bajaji iliyoandikwa Derby kiooni. Lakini ni klabu ya mwaka 1884, mmoja wa waanzilishi 12 wa ligi ya Uingereza mwaka 1888, bingwa wa nchi mwaka 1972 chini ya Brian Clough na tena mwaka 1975. Mji wake ni wa karakana za reli na injini za Rolls-Royce. Msimu wa 2013/14 Derby ilimaliza ya tatu Championship kwa pointi 85. Timu mbili za juu hupanda moja kwa moja. Ya tatu mpaka ya sita zinaingia kwenye mchujo, utaratibu ulioanza mwaka 1987. Yaani unacheza mechi 46, unawazidi wenzako 21, kisha unaambiwa haya, anza upya.

Wakaanza upya. Nusu fainali waliichapa Brighton jumla ya mabao 6-2. Tarehe 24 Mei 2014 wakaenda Wembley kukutana na Queens Park Rangers, waliomaliza nyuma yao kwa pointi tano. Watu 87,348 uwanjani. Derby ikatawala. Kipindi cha pili Gary O'Neil wa QPR akatolewa kwa kadi nyekundu, na kwa nusu saa nzima London ikawa inacheza na watu kumi, imejibana nyuma kama watu waliofungiwa stoo. Kila mtu pale alijua nani atashinda. Swali lilikuwa lini.

Dakika ya 90 Junior Hoilett akapenya kulia, akapiga mpira ndani. Richard Keogh, nahodha wa Derby, akanyoosha mguu kuokoa. Haukwenda alikotaka. Ulimwendea Bobby Zamora, naye akauzungusha wavuni. Zamora huyo huyo, mwaka 2005 akiwa West Ham, alikuwa amewaliza Preston kwa bao moja katika fainali kama hiyo, wakati huo ikichezwa Cardiff kwa sababu Wembley ilikuwa inajengwa upya. Kuna watu wanazaliwa na kazi yao.

Sasa niambieni: katika hayo niliyosimulia, pauni iko wapi? Aliyekuwa amekaa jukwaani amevaa skafu nyeupe na nyeusi hakuwa na hisa. Hakuna hundi ambayo ingemfikia Jumatatu. Pengine bei ya tiketi yake ingepanda. Alichopoteza ni kitu ambacho mhasibu hana safu ya kukiandikia, na ndiyo maana mtangazaji anakiruka.

Na hata kwa mizani ya hao wahasibu, hesabu haisimami. QPR walioshinda siku ile walimaliza mkiani mwa Ligi Kuu msimu uliofuata, wakarudi walikotoka. Derby wenyewe waliwahi kushinda fainali hii mwaka 2007, bao la Stephen Pearson dhidi ya West Brom. Walipata pesa zote zinazoimbwa. Wakashinda mechi moja tu msimu mzima, wakashuka Machi, wakamaliza na pointi 11, uchache ambao Ligi Kuu ilikuwa haijawahi kuuona. Kama kilio ni cha pesa, watu wa Derby walipaswa kulia mwaka 2014 na kucheka mwaka 2008. Hebu kamuulize shabiki wao kama alicheka.

Kuna jambo zito zaidi. Lugha ya "mechi ghali" haiishii masikioni. Wenye vilabu nao wanaisikia, na wanaiamini. Derby walifika tena fainali tarehe 27 Mei 2019, kocha akiwa Frank Lampard, baada ya kuitoa Leeds kwa kuwapiga 4-2 nyumbani kwao. Wakafungwa na Aston Villa 2-1. Miaka yote hiyo klabu ilikuwa inatumia kama mtu aliyekwisha kuahidiwa urithi. Hata uwanja wa Pride Park ulikuwa umeuzwa kwa kampuni ya mmiliki yule yule ili vitabu vya hesabu vipendeze. Septemba 2021 klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, ikakatwa jumla ya pointi 21, na mwaka 2022 ikashuka mpaka daraja la tatu. Karibu miaka 140 ya klabu iliwekwa rehani kwa kusubiri bahati ya dakika 90. Wale waliolia mwaka 2014 bila kudai senti ndio waliobaki viti vikiwa vitupu. Waliozungumza pauni waliondoka.

Hapo kwenye Villa na sisi tumo, ingawa tunajifanya hatumo. Januari 2020 Mbwana Samatta alitoka Genk akaenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akafunga mechi yake ya kwanza ya ligi hiyo, na tarehe 1 Machi akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka, na tulikuwa na haki. Lakini Villa isingekuwa kwenye ligi ile bila ya kuwafunga Derby miezi minane nyuma. Furaha yetu ilipangisha chumba ndani ya msiba wa watu wengine. Hiyo ni hadithi! Sikuona gazeti hata moja la Kiswahili lililoigusa. Tuliambiwa ada ya uhamisho na mshahara wa wiki.

Nawageukia sasa wenzangu wa fasihi, maana nao hawajanawa mikono. Wao wanasema, "ni mpira tu." Wanalisema kwa upole, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi. Haya. Al-Inkishafi ni nini basi? Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate akayaombolezea majumba ya watu ambao walikwisha kuondoka. Mbona hatujamwambia ni majumba tu? Najua mtanijibu kwamba utenzi ule unatufundisha tusiishike dunia, kwa hiyo unanipinga mimi. Sawa. Lakini kabla hajaiachia dunia, mshairi aliipitia chumba kwa chumba: taa, kumbi, mapambo, milio ya ndege na wadudu waliohamia. Hakusema "mali nyingi ilipotea." Huwezi kumfundisha mtu kuachia kitu ambacho hujakionyesha. Lugha yenye kazi kama ile haina kisingizio cha kukosa maneno ya kuisimulia basi moja inayorudi usiku kutoka London, watu wamekaa na skafu magotini, dereva amezima redio bila kuombwa.

Nimesoma kumbukumbu nyingi za mashabiki wa fainali hizi, na kinachonishangaza ni jinsi bao lenyewe linavyochukua nafasi ndogo. Wanaanza mbali. Nani aliyenunua tiketi, nani alikataa kuvaa jezi kwa kuogopa mkosi, baba aliyekuwa bado hai mwaka ule. Bao linakuja kwa sentensi moja, halafu wanaendelea kurasa mbili kuhusu ngazi, maegesho, na kelele za upande wa pili zilizowafuata mpaka nje. Hawajasomea uandishi, wengi wao. Lakini wanajua kwamba pigo halisimuliwi kwa kulitazama usoni. Waandishi wetu kadhaa wa riwaya wangekaa chini wajifunze hapo, badala ya kutujazia machozi "yaliyotiririka kama mto" kila mhusika akifiwa.

Au tazameni fainali ya mwaka 1998, Sunderland na Charlton. Sunderland walikuwa wa tatu kwa pointi 90. Mechi ikaisha 4-4 baada ya muda wa nyongeza. Matatu ya Charlton aliyafunga Clive Mendonca, kijana aliyekulia Sunderland na kuishabikia tangu utotoni. Yaani aliyewachinja ni wao. Zikaja penalti, 13 zikaingia zote, ya 14 akaenda Michael Gray, mtoto mwingine wa mji ule ule. Akaipiga dhaifu, kipa Sasa Ilic akaidaka. Kijana mmoja wa Sunderland afunge matatu dhidi ya mji wake, mwingine akose moja akiupigania: andika hivyo kwenye tamthilia na watu watasema umetia chumvi. Mwaka uliofuata Sunderland walipanda kwa pointi 105, na Gray akaitwa timu ya taifa ya Uingereza. Mpaka leo ukilitaja jina lake, linalokuja kwanza ni ile penalti.

Hilo linanipeleka kwenye upande mchafu, na sitaufunika. Kilio kinaoza kikitafuta mtu wa kumla. Mei 2023 Coventry walitoka 1-1 na Luton, timu ambayo miaka tisa tu nyuma ilikuwa nje ya ligi zote nne. Penalti zikafika 6-5 na Fankaty Dabo wa Coventry akapaisha yake. Baadaye akatukanwa mitandaoni kwa rangi yake, na klabu ikalazimika kulaani. Waliofanya vile wasijiite wafiwa. Na wala tusijifanye ni ugonjwa wa Wazungu. Nendeni mkasome tunayowaandikia makipa wetu baada ya watani wa jadi kukutana. Sisi shabiki aliyefungwa hatumpi hata dakika tano. Kabla hajafika nyumbani ana picha arobaini za kejeli kwenye simu. Utani ni mtamu na sitaki ufe, ila umekuwa ndiyo lugha pekee tuliyo nayo ya kuzungumza na aliyeshindwa: ama tunamcheka, ama tunamhesabia.

Kuhesabu huko kumepata nguvu mpya siku hizi kwa sababu ya mikeka. Sikilizeni vipindi vya michezo: nusu ni odi. Kwa aliyebeti, kushindwa kuna bei kamili. Mkeka umechanika, elfu tano imekwenda, kesho tunasuka mwingine. Maumivu yale yana mwisho kwa sababu yana kiasi. Shabiki wa Derby hana kiasi. Hawezi kesho kuhamia QPR eti arudishe mtaji. Mchambuzi anayelipwa na kampuni ya kubeti lazima azungumze kana kwamba watu hawa wawili ni mmoja, na ndiyo maana naona kazi ya kuwatenganisha imebaki kwetu, watu wa maneno, ambao tumekaa tunasema ni mpira tu.

Wala sihitaji muende Derby. Hapa kwetu timu za chini za Ligi Kuu zinakutana na za Championship yetu kwenye mchujo kila msimu ukiisha. Kuna mikoa ambayo timu hiyo ndiyo sababu pekee ya Simba na Yanga kufika, ya gesti kujaa, ya mama ntilie kupika masufuria mawili zaidi. Timu ikikosa kupanda kwa bao moja la ugenini, mji mzima unalala na njaa ya namna yake, na kuna mzee aliyekaa jukwaa la jua tangu saa sita mchana ambaye anaikumbuka mechi ile kwa mpangilio kuliko alivyoikumbuka ndoa yake. Nani amekwenda kumsikiliza? Kesho yake gazeti linatoa aya mbili. Ya kwanza ina matokeo. Ya pili inasema kwamba, kwa habari zilizotufikia punde, Simba iko mbioni kusajili winga.