Mwongozo Bila Riwaya

Hapa Kisii na kule Nyamira ni rahisi kumkuta mwanafunzi ana mwongozo uliochakaa, na riwaya yenyewe hana. Nimemaliza Nguu za Jadi yake Clara Momanyi, iliyoteuliwa kutahiniwa katika KCSE. Mangwasha ana mume mlevi, Mrima, na juu yao kuna Mtemi Lesulia, mtawala anayebagua watu kwa ukoo. Mwongozo utamwambia mwanao kwamba Mangwasha ni jasiri, naye atalikariri neno hilo. Hautamkosesha usingizi kwa ajili ya mama huyo. Mzazi, ukiwa na pesa za kitabu kimoja tu, nunua riwaya.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka wa 1996, nimeirudia pia. Kongowea anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake. Kiswahili ni kitamu ajabu, ingawa naona bahati inamwangukia kijana huyu mara nyingi mno. Kijana wa Keroka aliyelelewa na nyanya atajiona humo bila kuelezwa na mtu.

Na vibonzo? Shujaaz, iliyoanza mwaka wa 2010, iliandikwa kwa Sheng na walimu wakakunja uso. Mwacheni mtoto acheke na Boyie na redio yake ya mafichoni. Ila insha ya shule asiiandike hivyo!