Track01.mp3 ni ya nani?

Wapenzi wa jazz, na nyinyi mliokuja kutafuta habari za kompyuta, leo mtavumiliana.

Hapa Mukuru kwa Njenga tuko watu watano. Jumapili jioni, stima ikiwepo, tunakutana kwa kinyozi, kila mtu na flashi yake. Unampa mwenzako albamu unayoipenda, naye anakupa yake. Mkubwa wetu ni mzee mmoja aliyestaafu kiwandani. Alikuwa na masanduku mawili ya kanda: Morogoro Jazz, Shirati Jazz, Simba Wanyika, Les Wanyika... (Najua, kuna wajuzi watakaosema hiyo si jazz, ni magitaa ya dansi. Huku kwetu bendi zilijiita jazz kabla sijazaliwa, na mimi si wa kuzipokonya jina.)

Mwaka 2019 nilijitolea kuzigeuza kanda zake kuwa MP3. Kwa haraka zangu niliacha majina kama programu ilivyoyatoa: Track01, Track02, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikamwambia, "Mzee, majina tutaandika baadaye, si yako kwenye makasha?" Mwishoni mwa 2021 nyumba nyingi za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara, na yake ilikuwamo. Aliokoa godoro, jiko na flashi. Kanda zilibaki chini ya mabati.

Sasa sauti zote tunazo, wenyewe hatuwajui. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa Simba Wanyika walijitenga wakaunda Les Wanyika, na baadaye zikaja Wanyika nyingine. Magitaa yanafanana kama ndugu. Mzee anasema hawa ni Simba, mimi nasema ni Les, na karatasi ya kutuamua haipo.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwa ndani ya faili lenyewe. Tangu 1996 kuna utaratibu uitwao ID3: baiti 128 tu mkiani mwa MP3, herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka. Kazi ya dakika moja kwa wimbo! (Pana pia namba ya aina ya muziki. Jazz ni 8. Benga haimo kabisa katika orodha ile ya kwanza, kwa hiyo Shirati Jazz wanaingia kwa jina lao tu.)

Basi msimamo wangu ni huu: ukiniletea albamu bila majina, siipokei, iwe tamu namna gani. Wenzangu wanasema nina maringo. Mmoja aliniambia muziki ni wa masikio, si wa kusoma. Sawa, lakini chukua Uhuru Afrika, aliyoirekodi Randy Weston huko New York mwaka 1960. Unasikia mtu anasoma Kiswahili. Ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, na maneno ni ya Langston Hughes. Futa majina hayo, amebaki mtu fulani anaongea. Au chukua Mwandishi ya Herbie Hancock, 1971. Kundi zima lilijipa majina ya Kiswahili: Hancock ndiye Mwandishi, Buster Williams wa besi ni Mchezaji, Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga. Nilipomwambia mzee alicheka sana, kisha akasema, "Kijana, hebu rudisha hapo kwa Mganga."

Jumapili iliyopita tulianza upya na Track01. Mzee anasikiliza, mimi naandika. Asipokuwa na uhakika tunaweka alama ya kuulizia. Tumefika Track14, na alama za kuulizia ni tisa.