Tahariri: Mti Haumei Penye Hofu



Wako wasemao kwamba kupanda miti na kusafisha mitaa ni kazi ya vijana na akina mama wa makanisa, siasa waachiwe wanasiasa. Twaukataa mgawanyo huo. Kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria mwaka 1982, kiliondolewa Desemba 1991 ili raia awe na sauti katika yote yagusayo maisha yake. Hewa aivutayo na udongo aukanyagao ni miongoni mwa hayo.

Kwamba ardhi iliyokufa yaweza kufufuka, hatuna shaka. Huko Bamburi, upande wa Kisauni, machimbo ya saruji yalikuwa mawe matupu hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Majani yalipokawia kuoza, yaliletwa majongoo, wakayatafuna yakawa mbolea. Leo pana msitu. Lakini aliyepanda alikuwa na idhini ya mwenye ardhi, wala hakuna aliyemtisha kumfukuza.

Mnyonge wa Likoni hakuwa na bahati hiyo. Katika shamba la Waitiki, maelfu ya familia waliishi bila hatimiliki hadi Januari 2016. Nani apande mwembe wa kuzaa miaka ijayo, hali hajui kama kesho atalala papo hapo? Kamati ya mazingira isiyouliza habari za ardhi imeanza kazi katikati.

Changamwe nayo ina somo chungu zaidi. Kijijini Owino Uhuru, karibu na Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia majirani sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua kwamba mwanawe mchanga amedhurika. Akawakusanya wanakijiji, wakaandamana. Mwaka 2012 akatiwa mbaroni. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na miongoni mwa waliopatikana na lawama zilikuwamo idara za serikali zilizopaswa kuwalinda. Rufaa ilipindua hukumu hiyo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kati ya kufungwa kwa kiwanda na ushindi huo ilipita miaka kumi, na wapo waliozikwa kabla ya kuuona.

Silaha yao ilikuwa Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 champa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 70 chamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Haki hizo hazikudondoka kutoka mbinguni. Zilipiganiwa, na wengine walizilipia kwa damu.

Kwa hiyo twasihi kila parokia, kila jumuiya na kila kikundi: pandeni miche, lakini kwanza ulizeni kiwanja ni cha nani. Zoeni taka, lakini nendeni pia kwenye vikao vya bajeti ya kaunti mkaulize fedha za usafi zimekwenda wapi. Kiwanda kikija jirani, dai kuona kibali chake kabla moshi haujapanda.

Maandiko yatufundisha kwamba mwanadamu alikabidhiwa bustani awe mtumishi na mlinzi wake. Utumishi tumeuzoea. Sasa tushike zamu ya ulinzi.