Magoti ya Abiria ni Suala la Sheria

Kila mwaka, inapokaribia miezi ya kufunguliwa kwa vyuo vya ughaibuni, wanafunzi wangu waliopata ufadhili hunijia na swali ambalo kwa haraka mtu angelidhani ni dogo: katika safari ya saa nane au tisa angani, nichague kiti kipi cha daraja la kawaida ili nifike mgongo ukiwa mzima? Huwajibu, kwa kuwa kumnyima mtu maarifa eti kwa sababu wewe una hasira na dunia ni uchoyo tu. Lakini kila ninapojibu, hasira hiyo huongezeka, na leo nimeona niieleze.

Jibu lenyewe kwanza. Mstari wa mlango wa dharura ndio wenye nafasi kubwa ya miguu, ila meza yake aghalabu hufichwa ndani ya mkono wa kiti, kwa hiyo mkono hauinuki na upana wa kiti hupungua. Na mstari ulio mbele ya mlango huo mara nyingi haulali nyuma kabisa. Kiti kinachotazamana na ukuta hakina mtu wa kukulalia magotini, lakini mkoba wako utawekwa juu, na ukutani hapo ndipo vinapofungwa vitanda vya watoto wachanga. Karibu na bawa mtikisiko hupungua, kwa kuwa hapo ni jirani na kitovu cha uzito wa ndege. Mstari wa mwisho uepuke: una foleni ya choo, na pengine kiti hakiegemei. Anayependa kulala akae dirishani. Mwenye miguu mirefu au kibofu chepesi akae kando ya njia. Katika Airbus A220, ambayo Air Tanzania inazo, viti ni viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili. Wawili wanaosafiri pamoja wachukue upande wa viwili. Tena ukiangukia kile cha katikati katika ndege hiyo usihuzunike sana, kwa maana wahandisi wake walikifanya kiwe kipana kuliko jirani zake, takriban inchi 19 dhidi ya 18.5. Wengine wangeweza kufanya hivyo pia. Hawakutaka.

Haya yote ni kweli, na yote yana kasoro moja. Kiti kizuri ukikipata wewe, kibaya hakitoweki. Hukaliwa na mwenzako. Chukua Boeing 787-8 ya shirika hilo hilo letu: viti 240 vya daraja la kawaida, tisa kwa mstari, vitatu vitatu. Hesabu ya haraka inakupa kama viti 80 vya katikati. Hata taifa zima likihitimu shahada ya uzamivu katika elimu ya kuchagua viti, watu 80 watakaa katikati. Na tunawajua ni akina nani. Ni binti anayekwenda Muscat au Riyadh kufanya kazi za ndani, ambaye tiketi yake imekatwa na wakala na hajui kwamba kiti huchaguliwa. Ni hujaji mwenye miaka 70 ambaye jina lake lilipelekwa ndani ya orodha ya kundi. Ni mgonjwa anayepelekwa India kwa matibabu. Ujanja tunaofundishana ni ujanja wa kuwasukumia hao kile tusichokitaka, kisha tunauita maarifa ya usafiri.

Kiti hiki hakikuwa hivi tangu mwanzo. Nchini Marekani, ambako hesabu zimewekwa hadharani kwa sababu wananchi walikwenda mahakamani, jopo la Mahakama ya Rufaa ya Washington liliambiwa mwaka 2017 kwamba umbali kutoka mgongo wa kiti kimoja hadi mgongo wa kiti kinachofuata ulishuka kutoka wastani wa inchi 35, yaani sentimita 89, hadi inchi 31, na katika ndege nyingine inchi 28, ambazo ni sentimita 71. Upana nao ulishuka kutoka takriban inchi 18.5 mwanzoni mwa karne hii hadi 17. Katika kipindi hicho miili ya abiria haikupungua. Hiyo Boeing 787 yenyewe ilipokuwa ikinadiwa, ilionyeshwa ikiwa na viti vinane kwa mstari, na Japan Airlines wameendelea na vinane katika safari zao za kimataifa. Karibu wengine wote, Air Tanzania na Kenya Airways wakiwamo, wamepachika cha tisa. Mwili wa ndege ni ule ule. Kilichokatwa ni mabega yetu.

Baada ya kukatwa, ikaja awamu ya pili, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: nafasi iliyoondolewa kwenye tiketi ikarudishwa sokoni na kuuzwa peke yake. Kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani ilieleza mwezi Novemba 2024 kwamba mashirika matano ya nchi hiyo yaliingiza dola bilioni 12.4 kati ya mwaka 2018 na 2023 kutokana na ada za kuchagua kiti pekee. Ada ya mkoba walau ina mkoba unaobebwa. Hapa hakuna kilichoongezwa, si kiti kipya wala mafuta ya ziada. Anayelipa analipia kutokaa mahali ambapo muuzaji mwenyewe amehakikisha hapakaliki. Mzazi naye analipia kukaa na mwanawe wa miaka sita, jambo ambalo hata dereva wa daladala halitozi.

Najua hoja inayokuja. Watu wanataka nauli nafuu, soko limewapa nauli nafuu, anayetaka nafasi ailipie. Ningeiheshimu hoja hii kama soko lingekuwa linamwonyesha mnunuzi anachokinunua. Chukua tiketi yako yoyote uisome. Utaona idadi ya kilo za mizigo, saa ya kufunga lango, masharti ya kubadili tarehe kwa herufi za kuumiza macho. Umbali wa magoti hautauona. Tunaponunua kitambaa tunapimiwa kwa mita, sukari kwa kilo, na mizani ya muuza nyama ina muhuri wa Wakala wa Vipimo. Bidhaa inayogharimu mshahara wa miezi kadhaa inauzwa bila kipimo, na mtu anathubutu kuniambia nimeichagua kwa hiari.

Kuna watakaosema kwamba ndege ni anasa na mlalamikaji apande basi. Hao nimekwisha kuwajibu nilipowataja binti wa Muscat na mgonjwa wa India, sitarudia. Ila niongeze jambo la afya, kwa sababu linatiwa chumvi na wengine na kudharauliwa na wengine. Utafiti uliotangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huongezeka takriban maradufu baada ya safari ya saa nne au zaidi. Hatari yenyewe ni ndogo, kiasi cha mtu 1 kati ya 6,000, na inawahusu hata wa basi na treni, kwani chanzo chake ni kukaa bila kujongea. Lakini mtu aliyebanwa katikati, mwenye wageni wawili waliolala kuliani na kushotoni, huona haya kuinuka. Adabu zetu za kutosumbua watu zinamfanya azidi kukaa. Mabibi zetu ndio wa kwanza kunyamaza.

Lipo kubwa zaidi. Kanuni za kuthibitisha ndege zinataka ndege iliyojaa iweze kumwaga abiria wote ndani ya sekunde 90, huku nusu tu ya milango ikitumika. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ilipotaka kujua kama viti vilivyosongamana vinachelewesha watu, ilifanya majaribio huko Oklahoma City kati ya mwaka 2019 na 2020. Waliojitokeza walikuwa watu wazima wasio na ulemavu, wenye umri wa chini ya miaka 60. Hawakuwamo watoto wala wazee, hakuwamo anayetembelea mkongojo. Nani kati yenu amewahi kupanda ndege inayotoka Dar es Salaam au Nairobi isiyo na mama aliyebeba mtoto? Kongresi iliiagiza mamlaka hiyo, kwa sheria ya Oktoba 2018, iweke kipimo cha chini cha kiti ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita. Mwaka 2022 wakaomba maoni ya umma, yakaja zaidi ya 26,000. Mwaka 2023 mahakama ikakataa kuwalazimisha. Nchi yenye wanasheria wengi kuliko mvua zetu za masika imeshindwa kuandika tarakimu moja.

Msiniambie basi kwamba jambo hili haliwezekani kiufundi. Ndege ya Uingereza iliwaka moto katika uwanja wa Manchester mwezi Agosti 1985, watu 55 wakafa, wengi wao kwa moshi. Kabla miaka ya 1980 haijaisha, Waingereza walikuwa wameandika kipimo: inchi 26 kutoka sehemu ya kuegemea mgongo hadi kitu kilicho mbele yako. Ni kipimo cha ubahili, wala sikitetei. Natetea kule kuandikwa kwake.

Na kwa nini twende Manchester? Majirani zetu Kenya walikuwa na matatu ambazo watu walikaa wakiwa wamekunjana kama dagaa, wengine wakining'inia mlangoni. Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, akatoa kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004: matatu ndogo ibebe abiria 14, kila kiti kiwe na mkanda. Wenye magari waligoma, nauli zikapanda, wananchi wakatembea kwa miguu. Lakini kwa mara ya kwanza dola ilikuwa imetamka kwamba makalio ya raia wa kawaida yana ukubwa unaotambuliwa na sheria. Kanuni zile baadaye zililegea, kama zinavyolegea nyingi, ila hakuna Mkenya aliyesema tena kwamba kubanwa ni maumbile.

Sasa niwageukie wasomaji wangu walio serikalini, ambao najua mko wengi. Tarehe 20 Novemba 2015, akilifungua Bunge mjini Dodoma, Rais Magufuli alieleza kwamba safari za nje za watumishi wa umma zilikuwa zimegharimu shilingi bilioni 356.3 katika miaka miwili ya fedha, na bilioni 183.1 kati ya hizo zilikuwa za tiketi. Kilichofuata kinakumbukwa: safari zikabanwa, na madaraja ya mbele yakafungwa kwa karibu kila mtu. Waliopiga makofi na walionuna wote walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba mahali anapokaa ofisa ndani ya ndege ni suala la siasa. Nauliza ni lini mahali anapokaa raia palikoma kuwa siasa. Aisifuye mvua imemnyea. Na wengi wanaoandika kanuni za anga, hapa na kwingineko, mvua hii huwakuta wakiwa wamejifunika blanketi mbele ya pazia.

Nimekwisha kuiandika barua kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Inaomba kila shirika linalouza tiketi nchini lichapishe kwenye tiketi umbali wa kiti na upana wake kwa sentimita. Mtoto aliye chini ya miaka 12 akae na mzazi wake bila ada. Na kianzishwe kipimo cha chini kitakachojadiliwa hadharani, wazee na watu wenye ulemavu wakiwa mezani. Mashirika ya kigeni yatasema yanafuata sheria za kwao. Ruhusa ya kutua hutolewa na sisi.

Wanaotaka kutia saini wanitafute chuoni kabla ya mwisho wa mwezi. Kila atakayesaini naomba aambatishe kipimo cha kiti alichokalia safari yake ya mwisho, kuanzia mgongo wa kiti chake hadi mgongo wa kiti cha mbele. Asiyekumbuka akipime safari ijayo. Rula ya mtoto wa shule inatosha, na wahudumu hawaikatazi.