Paka akikojoa kitandani usimchape

Paka wako akiliacha sanduku lake la mchanga na kwenda kukojoa kitandani, kwenye kochi au juu ya magunia ya mahindi, hatua ya kwanza unayochukua ni ipi? Wengi wetu humkamata, tukamsugua pua kwenye ule mkojo, tukampiga makofi na kumfungia nje. Wengine humtia ndani ya gunia usiku na kwenda kumtupa sokoni. Husemwa kwamba ana kiburi, kwamba analipiza kisasi, au kwamba ameingiwa na kitu.

Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo, na huenda ukauliza paka ananihusu nini. Ananihusu kwa sababu balaa yake huishia kwangu: mtu aliyeparurwa akimwadhibu, mama mja mzito mwenye hofu, na mtu aliyepaliwa na moshi wa dawa akisafisha zulia.

Kwanza tuelewe mnyama mwenyewe. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wana asili moja, yule pakamwitu wa nchi kavu za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Kutokana na asili hiyo, figo zake hubana maji sana na mkojo wake hutoka mzito na wenye harufu kali. Tena hupenda kuchimba mchanga, kujisaidia na kufukia, bila ya kufundishwa na mtu. Basi mnyama wa tabia hiyo akiuacha mchanga, ama mwili wake una kasoro, ama mahali pale pana kasoro. Kisasi hakimo.

Tuanze na mwili, maana hapo ndipo kuna kifo. Paka dume ana mrija mwembamba mno wa kupitishia mkojo. Chembechembe kama mchanga, au ute unaotoka kwenye kibofu kilichovimba, unaweza kuuziba kabisa. Utamwona akichuchumaa hapa na pale, akilia, akijilamba sehemu za siri, na pengine akidondosha matone mawili yenye damu. Mwenye nyumba aghalabu hudhani amefunga choo, akampa mafuta ya kupikia na kungoja. Wakati huo mkojo unarudi nyuma, figo zinashindwa, madini ya potasiamu yanapanda katika damu, na moyo unasimama. Tangu mrija uzibe kabisa hadi paka afe, mara nyingi hazipiti siku tatu.

Mzee mwenye tezi dume iliyovimba akishindwa kukojoa usiku, watu hutafuta gari usiku huo huo, naye akifika hospitalini hutiwa mpira, akapumua. Maumivu ya paka aliyezibika ni yale yale, ila yeye huchapwa.

Kwa paka jike na kwa wale wasiozibika, sababu kubwa ni uvimbe wa kibofu usiotokana na viini. Kwa hiyo kukimbilia agroveti kununua dawa za viuavijasumu, kwa paka mchanga hasa, mara nyingi ni kutupa pesa na kuvizoesha viini dawa ambazo sisi wenyewe tutazihitaji. Paka mzee anayekunywa maji mengi kuliko kawaida na kukojoa kila pahali huenda ana ugonjwa wa figo au kisukari. Naye apimwe.

Na tafadhali usimpe Panadol. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja cha mtu mzima chatosha kumuua. Dettol nayo ni sumu kwake kwa sababu iyo hiyo, kwa hiyo usiitumie kuoshea sanduku lake.

Sasa mahali. Hapa Moi's Bridge tunaishi kwa mahindi, na paka wengi hawakuletwa nyumbani kwa mapenzi bali kwa ajili ya panya. Kuanzia Oktoba mavuno yanapoingia, nyumba hugeuka ghala. Magunia yanapangwa ukutani, vibarua wanaingia na kutoka, matrekta yananguruma uani, na lile sanduku la mchanga linasukumwa nyuma ya mlango au kuondolewa kabisa. Paka hapendi mageuzi. Hofu peke yake hukivimbisha kibofu chake, na gunia la katani lililo laini na lenye harufu ya shamba linafanana na udongo kuliko sakafu ya saruji. Matokeo yake ni gunia lililolowa, na bodi ya nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Kwenye unyevu ndiko inakoota kuvu, na katika aina fulani za kuvu ndimo inamotoka sumu ya aflatoksini. Hata asiyempenda paka ana sababu ya kuujua mkojo wake.

Dawa yake haina gharama. Mwachie kona moja tulivu, mbali na chakula chake. Mchanga wa mtoni au unga wa mbao kutoka kwa seremala unatosha kabisa, madhali una kina cha vidole vitatu hivi. Kinyesi kiondolewe kila siku. Paka wawili wanahitaji masanduku matatu. Najua mtacheka, lakini mmoja akilinda mlango mwenzake hutafuta kitanda.

Dume asiyehasiwa ana shughuli nyingine. Huyo husimama wima, mkia juu, akarusha mkojo ukutani kuweka mpaka wake. Wengi wao huacha wakihasiwa.

Kwa mama mja mzito, vijidudu vya toksoplasma vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni hutoka katika kinyesi cha paka, wala si katika mkojo, na huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Mumewe asafishe sanduku kila siku. Si lazima paka afukuzwe. Mboga zisizooshwa na nyama isiyoiva vizuri nazo huambukiza, na hizo hatuziogopi hata kidogo.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alishike ni hili la Jik. Mkojo uliokaa hutoa amonia. Ukiumwagia Jik, vitu hivyo viwili hukutana na kutoa gesi inayochoma macho na kifua, na katika chumba kilichofungwa mwenye pumu anaweza kufikishwa hospitalini. Osha kwa maji na sabuni, kisha kwa siki iliyozimuliwa, uanike juani. Siki nayo usiichanganye na Jik. Harufu ikibaki, paka atarudi pale pale, maana kwake hiyo ni alama ya choo.

Kinachonishangaza ni kwamba ng'ombe wa maziwa akikosa kula asubuhi, daktari wa mifugo anaitwa kabla ya saa nne. Simu ni ile ile, na daktari ni yule yule. Ukimpigia kwa ajili ya paka, mweleze kwanza kama ni dume au jike, kisha mwambie ni lini mara ya mwisho ulipouona mkojo wenyewe kwa macho yako. Kama ni dume na hujauona tangu jana, usingoje kupambazuke.