Uso mmoja, nyembe tano za nini?

Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya daladala la Mbagala kwenda Posta, tumekwama Mtoni kwa Aziz Ali, redio ya dereva imefunguliwa mpaka mwisho. Mtangazaji alikuwa na mgeni aliyetambulishwa kama mtaalamu wa muonekano wa wanaume. Mgeni huyo akasema, kwa sauti ya mtu asiyewahi kubishiwa, kwamba mwanaume anayejipenda hagusi tena uso wake kwa wembe mmoja, huo ni ushamba wa enzi za babu, na kwamba kadiri nyembe zinavyoongezeka kwenye kichwa cha mashine ndivyo ngozi inavyokuwa laini na salama. Konda akaitikia, "Kweli kabisa." Kijana aliyekaa pembeni yangu naye akatikisa kichwa kukubali, huku vidole vyake vikikuna vipele vilivyomjaa shingoni, kutoka chini ya sikio hadi kwenye ukosi wa shati.

Vile vipele ndivyo vilivyonitibua. Kijana anaumia, na dawa anayouziwa ndiyo ugonjwa wenyewe.

Tuanze na ndevu zenyewe, maana yule mgeni hakuzitaja hata mara moja. Udevu wa wengi wetu haukui wima kama mwanzi. Hujikunja, na hata kishimo unamotokea kimepinda chini ya ngozi. Sasa angalia mashine ya nyembe nyingi inavyofanya kazi. Wembe wa mbele huushika udevu na kuuvuta nje kidogo, na wa nyuma huukata kabla haujarudi. Zikiwa tatu au tano, udevu huvutwa na kukatwa tena na tena. Mimi sivumbui kitu hapa. Hiyo ndiyo sifa ambayo watengenezaji wenyewe waliitangaza kwa fahari tangu nyembe mbili zilipowekwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba kilichobaki cha udevu hurudi chini ya usawa wa ngozi.

Mwenye ndevu zilizonyooka hana shida, zake zitapanda zitokee palepale. Udevu uliojikunja ukikatwa chini ya ngozi hubaki na ncha kali kama mkuki uliochongwa kwa mshazari, nao ukianza kukua hauendi juu. Unakwenda pembeni, ndani kwa ndani, ukichoma nyama. Mwili hauujui kuwa ni udevu wake, unaupokea kama mwiba. Panavimba, panatunga usaha, panabaki doa jeusi. Madaktari wa ngozi wana jina refu la Kilatini la hali hiyo, sisi tunaiita vipele vya ndevu, na shauri ambalo wengi wao humpa mwenye tatizo hilo ni kupunguza nyembe na kuacha kunyoa kwa kuchimba. Nitalirudia mpaka lieleweke: udevu uliojikunja usikatwe chini ya ngozi. Uishie kwenye usawa wa ngozi, basi. Na kazi hiyo wembe mmoja unaiweza.

Jambo hili si porojo za wazee. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa huko Marekani iliamua kwamba kampuni moja ya kuuza piza, iliyowakataza wafanyakazi wake kufuga ndevu, ilikuwa imewabagua wanaume weusi, kwa sababu ni wao hasa wanaopata maradhi haya ya kunyoa. Majaji walilielewa. Sisi ambao shingo ni zetu tunaambiwa na redio kwamba tatizo ni ushamba.

Mashine ninayoitetea ni ile ya chuma yenye mpini mfupi, unaifungua kichwa, unalaza wembe mmoja wenye makali pande mbili, unaifunga. Ukikaza, wembe unapinda kidogo na kukakamaa, na bamba la chini linaikinga ngozi ili makali yachungulie tu. Mfaransa mmoja, fundi visu Jean-Jacques Perret, aliwahi katika karne ya 18 kuuvika wembe kinga ya mti, na akaandika kitabu kizima cha kuwafundisha wanaume kujinyoa wenyewe. Lakini aliyeifanya mashine hii kuwa ya kila mtu ni Mmarekani King Camp Gillette, muuzaji wa vifuniko vya chupa, aliyepata hataza yake mwaka 1904. Mwaka wa kwanza wa mauzo, 1903, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, jeshi la Marekani likawagawia askari wake mamilioni.

Halafu nyembe zikaanza kuhesabiwa. Nyembe mbili zilikuja mwaka 1971. Mwaka 1975, katika onyesho la kwanza kabisa la kipindi cha Saturday Night Live, wachekeshaji wa Marekani walitunga tangazo la uongo la mashine ya nyembe tatu, na mwishoni wakawaambia watazamaji kwamba inauzwa kwa sababu wao wataamini chochote. Watu walicheka. Mwaka 1998 mashine ya nyembe tatu ikatoka kweli, nao waliocheka wakapanga foleni. Mwaka 2006 zikafika tano. Uso wa binadamu ulikuwa uleule miaka yote hiyo. Ni ugonjwa uleule wa simu zetu, ambazo kila mwaka zinaongezewa jicho la kamera mgongoni, na picha za harusi bado zinatoka na watu wamefumba macho.

Mimi nimelipa karo ya somo hili. Nilipopata kazi yangu ya kwanza ya ofisini, mkuu wa idara alitaka tuje tumenyoa safi kila asubuhi. Nikanunua mashine ya nyembe nyingi, kwa bei iliyoniuma. Kwa miaka sita shingo yangu ilikuwa kama ganda la fenesi. Nililala na taulo juu ya mto ili damu isishike foronya. Nilikwenda saluni nikamwagiwa spiriti juu ya vidonda vibichi na kinyozi aliyekuwa akipitisha mashine moja vichwani mwa watu ishirini bila kuisafisha, jambo ambalo linastahili makala yake. Nikajaribu ule unga wa kunyolea unaonuka kama mayai viza, ukanibabua mashavu. Hakuna hata mtu mmoja, si ofisini wala dukani, aliyeniambia nipunguze nyembe. Wote waliniambia ninunue kingine.

Aliyeniambia ni baba mdogo, Korogwe, nilipokwenda msibani. Alinitazama shingo, akaingia chumbani, akatoka na mashine yake ya chuma, nzito, imechakaa rangi. Akasema, "Mwanangu, wewe unajichimba. Njoo hapa karaini."

Kwanza akanifundisha maji. Tunao msemo kwamba mwenzako akinyolewa, zako tia maji, nao tunautumia kwa siasa na mpira tu, tukasahau kwamba ni fundisho la kunyoa. Kitambaa cha maji ya moto usoni dakika mbili tatu, mpaka ndevu zilainike. Kisha sabuni ya mche, burashi, povu linazungushwa mpaka liwe zito. Halafu akanishika kidole akanipitisha shavuni na shingoni ili nijue ndevu zinaelekea wapi, na hapo nilishangaa. Mashavuni zinashuka, chini ya taya zinakwenda pembeni, kooni upande wa kushoto zinapanda juu. Mtu wa miaka thelathini na nne sikuwa nimewahi kuujua uso wangu mwenyewe.

Ndipo ukaja wembe, na hapo ndipo penye kujifunza hasa. Mashine ya nyembe tano imetuzoesha kukandamiza. Ya chuma haitaki. Unailaza kwa pembe ndogo, kiasi cha nyuzi 30, unaishika mwishoni mwa mpini na kuacha uzito wake wenyewe uteremke. Mapigo mafupi, suuza, mapigo mafupi, suuza. Unafuata ndevu zinakoelekea, huendi kinyume, na huivuti ngozi, kwa sababu ukiivuta na kuiachia umerudi kulekule kwa udevu kuzama. Ukimaliza pakibaki kivuli cha ndevu, kiache. Siku ya kwanza nilijikata mara tatu kwa sababu ya kukandamiza. Wiki ya pili mara moja. Mwezi wa tatu nililala bila taulo.

Nilipomweleza haya yule kijana wa kwenye daladala, alinijibu, "Mzee, shikamoo kwanza, lakini huo wembe si utanikata koo?" Hilo ndilo pingamizi lao kubwa, na ni la aibu. Katika nchi hii mtoto wa darasa la kwanza alichonga penseli kwa nusu wembe bila mpini, bila kinga, vidole vitupu, na mwalimu akiona. Mama zetu wamefumua mishono ya magauni kwa wembe huohuo usiku wakiwa na kibatari. Halafu mwanaume mzima mwenye ndevu anauogopa wembe uliofungiwa ndani ya chuma! Konda naye akadakia kwamba wembe unanenepesha ndevu. Mtaalamu wa anatomia Mildred Trotter alilipima jambo hilo Marekani mwaka 1928 na kuona kunyoa hakunenepeshi nywele. Karibu karne imepita, na konda bado hajapata habari.

Nami naona wazi anayefaidika na hofu hiyo. Wembe mmoja unauzwa kwa sarafu. Nilipouliza bei ya kichwa kimoja cha nyembe tano kwenye duka kubwa, nilihesabu kwamba kwa pesa hiyo ningenunua nyembe za miezi kadhaa, na ninabadilisha wembe kila baada ya kunyoa mara nne au tano. Kile kichwa, mtu akishakinunua kwa bei hiyo, hukitumia mpaka kimefubaa, anakwangua uso kwa kitu butu chenye mabaki ya ndevu za mwezi uliopita. Mara nyingine humwazima mdogo wake, jambo ambalo ni hatari kwa homa ya ini na virusi vingine vya damu, iwe ni wembe mmoja au kumi. Wembe wangu ni wangu peke yangu, na ukiisha kazi unaingia kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, watoto wasiuguse.

Mwana wa dada yangu ni mlinzi hotelini. Kwa amri ya kazi ananyoa kila siku, na msimamizi wake alishamwambia vipele vyake vinawachukiza wageni. Nilimwita Jumapili, nikampa mashine ya chuma, nikamsimamisha mbele ya kioo cha bafuni kwangu. Mkono ulimtetemeka shavu la kwanza. Shavu la pili haukutetemeka. Nilimwambia aombe ruhusa ya kunyoa siku moja na kuacha moja, na kama msimamizi atakataa nitakwenda kuzungumza naye mwenyewe.

Jana jioni alinipigia. Ruhusa ameipata, shingo imeanza kupoa. Alikuwa na swali moja tu: mwenzake wa zamu ya usiku anataka kujua nyembe hizo zinapatikana wapi.

"Mwambie duka lolote," nikamjibu. "Hata lile la mangi linalouza mkaa na nyanya hapo kwenu kona."