Spika Haina Kosa

Wenzangu, mara nyingi twahukumu kabla ya kupima. Kaka yangu huchukua abiria kwa pikipiki hapa Kigali, na ada yangu hutoka katika kazi hiyo. Alifunga spika ndogo inayopokea sauti ya simu kwa waya, na chaja pia. Tangu siku hiyo spika ikalia kama mbu. Akiongeza mafuta, mlio nao wapanda. Fundi mmoja akamwambia, “Imeharibika, nunua nyingine.” Fedha hiyo ilikuwa ada yangu!

Nikamwomba angoje Jumamosi. Tulipochomoa chaja, injini ikinguruma vile vile, mlio ulitoweka. Basi spika haikuwa na kosa. Hasi ya chaja ilifungwa kwenye fremu penye kutu, na ya spika mahali pengine. Umeme wa jenereta ukapata njia ndani ya waya wa sauti. Tukazipeleka hasi zote mbili kwenye betri, tukasokota nyaya za umeme pamoja, tukauweka waya wa sauti mbali na ule wa plagi, kwa kuwa cheche ya plagi ina maelfu ya volti. Gharama ilikuwa mita mbili za waya.

Mimi naona somo la umeme lisiishie daftarini. Nanyi wakubwa wetu mliomaliza hapa, wenye karakana, tupokeeni Jumamosi tujifunze kupima. Asiyepima hununua mara mbili.